Konokono wa Mke Wangu

Jumanne, 4 Machi

Bado natamka "mke wangu" hata pasipo sababu. Leo mteja kaja dukani kutaka brashi, nikamwambia mke wangu naye ana nywele. Akasema hongera.

Habari kubwa: Laazizi wangu anatafuta nafasi ya utafiti. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, na anasema asipoingia katika utafiti mapema, masomo ya juu atayasikia kwa jirani. Daktari wa konokono, mhadhiri wake, atachukua mwanafunzi mmoja tu wa kumsaidia likizo nzima. Laazizi kasoma maandiko yake yote, kagonga mlango wake, kaomba. Jibu: aje bwawani asubuhi kuchota konokono, uonekane uwezo wake. Mshindani wake ni mwenzake wa darasani anayevaa tai hata matopeni. Namwita Bwana Tai.

Mimi niliishia kidato cha nne. Lakini nauza rangi, na muuza rangi anawajua watu. Nafasi hiyo nitampatia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleka chai bwawani, nyuma ya maabara. Kisingizio safi. Nimejifunza kazi yote kwa kikombe kimoja. Daktari anakamata konokono, anamtia nukta nyeupe ya rangi ya kucha juu ya gamba, anamrudisha majini. Siku nyingine anachota tena, anatazama wangapi wana nukta. Kutokana na hao anapiga hesabu ya konokono wa bwawa zima. Werevu mtupu.

Ila leo ndoo nzima haikuwa na nukta za kutosha. Daktari kakuna kichwa, kasema nukta zinamtoroka. Bwana Tai kacheka kwa adabu. Laazizi alikuwa na tope puani. Sijaona pua nzuri kama ile.

Nilimwambia Daktari kwamba mke wangu ni hazina. Akauliza, "Na wewe ni nani?" Nikasema ni mume wa hazina. Laazizi akatazama maji.

Nimerudi dukani nikakaa kati ya makopo. Mtu anakosa nukta. Mimi nimezungukwa na rangi. Mungu ampe nini tena mja wake?

Jumapili, 9 Machi

Laazizi kaenda kumwona mama yake. Mimi kwa konokono.

Mtunza bustani alinizuia langoni. Nikamwambia nimetoka kwa Daktari. Si uongo, tangu Alhamisi mawazo yangu yapo kwake. Akaketi kunitazama nikipaka. "Unavyowapamba hivyo, wanaolewa lini?" Nikamwambia mapenzi hayachekwi. Akasema yeye ana mke na hajawahi kumpakia konokono. Masikini mama yule.

Sikutumia rangi ya ubahili. Nilichukua iliyobaki tulipopaka chumba chetu, ile ya krimu aliyoichagua Laazizi mwenyewe. Haibanduki, haiogopi maji. Kila nukta niliitia kwa jina lake. Mgongo unauma, moyo unaimba.

Jumatatu, 10 Machi

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Ndoo ya leo ilijaa nukta. Daktari kapiga hesabu, na kwa kuwa nukta nyingi maana yake konokono wachache, ikatoka kwamba bwawa lina konokono wachache kuliko waliokuwa ndooni. Kapiga tena. Yale yale. Bwana Tai akampa mkono, akasema matokeo ni mazuri sana, akayaandika. Laazizi alimgeuza konokono mmoja juani, akamgeuza tena.

Jioni kapita moja kwa moja hadi chumbani na gamba mkononi. Akaniita. "Mume wangu, njoo hapa." Akalibandika gamba ukutani, akauliza naona nini. Nikasema naona mikono mizuri.

Akakaa kitandani akalia. "Kazi ya Daktari ya msimu mzima imeharibika," akasema, "na nafasi yangu humo humo." Machozi yale yalinikata maini. Nikajitolea kwenda kusema ni Bwana Tai aliyefanya. Akaniambia niketi.

Jumanne, 11 Machi

Laazizi kaenda mwenyewe kumwambia Daktari. "Ni mume wangu, na ni rangi ya chumba chetu." Inasemekana Daktari alisikika hadi maktaba. Laazizi akasubiri amalize, kisha akaomba mabeseni mawili. Krimu huku, nyeupe kule. Wamechambua mpaka alasiri. Daktari mwenyewe alikuwa akimwuliza, "Na huyu je?" Bwana Tai alisema kwake yeye nyeupe ni nyeupe, akaenda zake asichafue tai.

Mke wangu ana jicho. Si ndiyo maana alinichagua?

Alhamisi, 13 Machi

Kapata! Laazizi kapata nafasi.

Daktari kamwambia kwamba wa kumsifia matokeo anao tele, anachohitaji ni mtu wa kumwambia yameharibika, hata kama mharibifu analala naye nyumba moja. Sharti moja tu: mume asionekane bwawani. Namwelewa. Hakuna bwana anayependa kuzidiwa kwenye bwawa lake. Na tuseme ukweli, bila nukta zangu hilo jicho Daktari angeliona wapi?

Laazizi kanishika uso kwa mikono miwili. Kasema anajua nilifanya kwa mapenzi, sasa nimpende nikiwa nyumbani na dukani, mbali na maji. Nikaapa. Ningeapa lolote kwa mikono ile.

Tukila, akanieleza kazi ya wiki ijayo. Watapima uzito wa konokono. Daktari ana wasiwasi, wanaonekana wamekonda.

Wamekonda.

Nimemwuliza mtunza bustani konokono wanapenda nini. Kabichi, kasema, na kaniomba nisimtaje. Nimeagiza gunia. Kiapo ni kiapo, bwawani sitakanyaga. Lakini ukuta wa nyuma ya bwawa ni mfupi, na mkono wangu wa kurusha haujambo.