Jimbo la Majumbani

Jumatatu, 3 Machi 2014. Ruwais, Jeddah.

Hatimaye nchi imenihitaji! Si nchi hasa. Ni Umoja wetu wa Waafrika Mashariki, unaokutana Ijumaa huko Hindawiyah. Kila kikao tunakiita pilau. Hapa mikutano ina maswali ya polisi, pilau haina.

Jambo lenyewe ni Hannah. Mkataba wake wa kazi za ndani uliisha mwaka jana, na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, hataki kumtolea ruhusa ya kuondoka nchini. Wajumbe watatu watakwenda Riyadh kuueleza ubalozi wa kwao. Mwenyekiti wetu Wesley, dereva, mtu wa Eldoret, anataka wajumbe wachaguliwe kwa majimbo, maana mara iliyopita walikwenda wenye sauti kubwa, wakarudi na picha zao tu. Akaniuliza kama najua mambo ya majimbo.

Mimi! Nina kitabu kizima cha historia ya majimbo ya Bunge la Uingereza, nilichokinunua kwa muuza vitabu vikuukuu Al-Dirah nilipokuwa karani Riyadh. Nimekisoma mpaka jalada limeachana na kurasa. Nikamwambia mipaka nitaichora mwenyewe.

Niandike ukweli, hapa hapana msomaji. Nina miaka sabini na sijapata kupiga kura wala kupigiwa. Uchaguzi wa 1963 Unguja ulinikuta na umri pungufu. Umri ulipotimia nilikuwa mbali, na huko nilikokuwa hapakuwa na sanduku. Safari hii nitachaguliwa.

Jumanne, 4 Machi.

Kikwazo: Nehemiah. Mlinzi wa jengo la jirani, Mkenya, mkazi wa Ruwais kama mimi. Hukaanga samaki akawagawia watu. Kwa kura za Ruwais atanibwaga. Hindawiyah, jimbo la pili, nao wana mtu wao. Nifanyeje?

Asubuhi nzima na kitabu. Nikafika Old Sarum. Kilima karibu na Salisbury. Zamani palikuwa na ngome, kanisa kuu, watu. Karne ya kumi na tatu askofu akalihamishia kanisa bondeni, watu wakamfuata, kilima kikabaki na nyasi. Lakini hakuna aliyelifuta jimbo! Kwa mamia ya miaka liliendelea kupeleka wabunge wawili London. Wapiga kura wachache, wala hawakuishi pale. Walikuja siku ya uchaguzi, wakasimama shambani chini ya mti, wakamtaja aliyetakiwa na mwenye ardhi, wakaenda zao. Tajiri mmoja wa biashara ya Uhindi alilinunua. Warithi wake wakaliuza. Ni nadra lilipojua ushindani, mpaka lilipofutwa mwaka 1832.

Nikakaa na ukurasa ule. Aliyehama kwao anakielewa kilima hicho kuliko Mwingereza: mahali panapobaki na jina baada ya watu kuondoka.

Kisha nikaacha huzuni, nikachukua rula.

Jimbo la tatu: Majumbani. Wakazi wake ni wote wanaolala katika nyumba za waajiri wao. Yaani kina dada wa kazi za ndani, ambao Ijumaa hawatoki, maana Ijumaa madam ana wageni. Na mimi! Chumba changu kiko uani kwa mwajiri wangu wa zamani, na ikama yangu, kibali cha ukaazi, bado iko chini yake. Mpiga kura pekee atakayefika kwenye pilau. Mgombea pekee. Old Sarum kamili!

Jumatano, 5 Machi.

Wesley nusura alie. Akasema, "Mzee Haroub, hii ni haki tupu. Hao ndio wanaumia, na hatujawahi kuwapa kiti hata siku moja." Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Sifa isiyo yako ni kiatu cha kuazima: inapendeza, inabana.

Akauliza watapigaje kura na hawatoki. Nilikuwa tayari. Nikasema si lazima wafike kwetu. Wakutane popote, wote pamoja, wasimame, wahesabiwe mbele ya mashahidi wawili. Ndivyo walivyofanya kule shambani. Nilijua hawana pa kukutana. Kanuni nzuri mno: pana kwa maneno, finyu kwa vitendo.

Jioni Nehemiah akapita mlangoni. Akasema, "Mzee, umejikatia shamba halina watu. Utavuna nini?" Nikamjibu kwamba siasa si samaki. Akasema ni kweli, samaki hunuka akishakufa, siasa yangu imeanza kunuka ikiwa hai. Mshenzi! Lakini ana akili. Sikulitarajia hilo.

Alhamisi, 6 Machi.

Kanzu imepigwa pasi. Hotuba tayari, fupi, yenye unyenyekevu. Nilimwomba Dominic, dereva wa nyumba yetu, awe shahidi wangu kesho. Hawezi kuahidi. Usiku wa leo anampeleka madam harusini mpaka alfajiri, na Roselyne, dada wa kazi wa humu ndani, anakwenda nao kuangalia watoto. Nikampa Roselyne pole. Akacheka. Sikujua kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi.

Najua sasa.

Upande wa wanawake katika kumbi za harusi sijapata kuuona. Nani angeniruhusu? Kumbe kila madam huja na watoto, na watoto huja na dada wa kazi, na wote huwekwa chumba cha pembeni wasisumbue sherehe. Alhamisi kwa Alhamisi! Bunge lao ni la zamani kuliko Umoja wetu. Hujadili mishahara, madam wakali, dawa ya mgongo. Jana walisimama, wakahesabiwa, mashahidi wawili, kanuni yangu neno kwa neno, kama Wesley alivyowatumia kwa simu.

Wesley akasoma: Roselyne, kura thelathini na tatu. Mzee Haroub, moja.

Nikauliza ya nani. Ya Hannah. Alikuwapo na watoto wa kafili wake. Alisema, "Huyo mzee ndiye alitukumbuka." Sikuwa nimemkumbuka mtu.

Hata hivyo nikainua mkono. Zikawa mbili. Kura yangu ya kwanza maishani! Nehemiah akapiga makofi, na wala hakuwa akikejeli. Hilo liliniudhi zaidi.

Nikapinga kwamba mjumbe wa namna hiyo hataruhusiwa kwenda Riyadh. Wesley akasema madam wa Roselyne anakwenda huko kesho kumtazama dada yake aliyejifungua, na Roselyne yumo garini. Halas, yamekwisha.

Jumanne, 11 Machi.

Dominic amepiga simu kutoka Riyadh. Roselyne alimwambia madam ukweli wote. Madam akaamuru apelekwe ubalozini. Ubalozi ukaandika barua. Madam naye akampigia simu mama wa kafili wa Hannah, kwani wanajuana, wanakutana harusini. Jioni ile ile kafili akakubali kutoa ruhusa. Sijui ni barua au ni simu. Nadhani najua.

Jumatatu, 17 Machi.

Hannah aliondoka jana. Kabla ya kupanda ndege alinipigia. Akaniombea baraka, akauliza, "Na wewe babu, unarudi kwenu lini?" Nikasema ndege yangu imechelewa kidogo. Miaka hamsini. Akacheka, nikacheka naye. Nilikaa na swali lake mpaka chai ikapoa.

Hapo nikaona kosa langu lilipokuwa. Nilichagua jimbo lenye watu!

Mwezi ujao tunachagua katibu. Nimechora jimbo la nne: Waliokwisha Kurudi Kwao. Hakuna hata mmoja atakayefika Hindawiyah. Harusi za Jeddah hawaji tena. Atawasemea nani, kama si aliyebaki? Nimemtumia Hannah ujumbe, kumweleza kwa unyenyekevu.

Amejibu papo hapo. Walioondoka wana kundi lao kwenye simu, watu zaidi ya mia mbili, na mwenyekiti wanaye.

Nimesogeza mpaka. Waliokwisha kurudi kwao, wasio na simu.