Utabiri wa Jana

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi katangaza: atakayepunguza umeme wa chumba cha kompyuta bila kuchelewesha utabiri wa hali ya hewa ndiye atakayekuwa mkuu wa zamu. Cheo changu hicho! Miaka yote nimeihangaikia mitambo ile, masikio yamekufa ganzi kwa kelele za feni. Halafu nani kajitokeza kushindana nami? Shemeji. Kaka yake mke wangu. Mtu niliyemwombea kazi mwenyewe! Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kutwa anapimapima. Mtambo usio na kazi anauzima, ukihitajika anauwasha. Upuuzi. Mimi nimepunguza kasi ya mitambo yote kwa nusu, amri moja tu. Mita ikashuka papo hapo! Mkurugenzi kaja kuiona, kanipigapiga bega. Shemeji akauliza, kwa ile sauti yake ya upole, kama nimepiga hesabu ya muda. Nikamwambia asinifundishe kazi. Kijicho kinamsumbua.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Utabiri wa kutoka alfajiri umetoka jioni. Mitambo imejikokota kutwa nzima, na muda wote huo inakula umeme, feni na vipoza hewa navyo vinakula. Jumla imezidi ya juzi. Nani angejua? Shemeji, anasema mkurugenzi.
Na utabiri wenyewe: mvua kubwa leo asubuhi. Ilishanyesha! Mke wangu alikuwa ameanika magodoro, maana nilimhakikishia jua. Hakugomba. Alisema tu, “Basi lalia utabiri wako.”

Alhamisi, 7 Machi
Mgongo unaniuma, nimelala sakafuni. Kasi imerudishwa, njia ya Shemeji imepunguza umeme kweli, na cheo kapewa yeye. Mama mkwe kapiga simu kutupongeza. Kutupongeza! Shemeji kaniita pembeni, kasema atanibakiza kwenye zamu yake, ila nisiguse kitu kabla ya kumuuliza. Nimuulize yeye! Nina hasira hata kalamu imetoboa karatasi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mitambo. Safari hii siigusi kasi hata kidogo. Vile vipoza hewa vinaunguruma kutwa vikila umeme bure, na nje kuna ubaridi wa kutosha kabisa. Shemeji ametoka kwenda kula. Kuvizima vyote ni amri moja tu. Mkurugenzi nimeshamwita aje aione mita.