Kidole cha Mfano

Idara ya Vidole iliutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba simu za kugusa zimeingia nchini, na kwamba hakuna raia atakayezigusa kabla kidole chake hakijathibitishwa. Umma ulipiga makofi. Kisha akaingia ofisini mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia: mtu mwenye simu.

Alikuwa mama mshonaji, uzi unaning'inia begani, simu ameiviringisha kwenye kipande cha kitambaa kama yai.

"Shikamoo, mama," alisema Msajili wa Vidole, binti aliyetoka chuoni juzi tu na ambaye bado aliamini kila foleni ina mwisho.

"Marahaba, mwanangu. Duka la hapo chini wamekataa kunifungulia laini mpaka nilete cheti cha kidole. Na binti yangu yuko wodini, mbali huko, kajifungua leo. Mkwe anataka kunitumia picha."

"Cheti utapata, mama. Na nitakaa nawe mpaka umwone mjukuu. Naahidi."

Aliahidi haraka, kama watu ambao hawajawahi kupewa barua ya onyo.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Simu ya Mfano ililazwa juu ya mto wa bluu. Mwombaji aliigusa, ikitetemeka, kidole ni halali. Tangu ilipozinduliwa ilikuwa imetetemekea kidole kimoja tu, cha Mkurugenzi mwenyewe, na picha ya kidole hicho ikatundikwa ukutani. Siku zilizofuata ilitetemeka mara nyingi tu bila kuguswa. Mkurugenzi alieleza kuwa inamkumbuka.

Kioo chake kilifunikwa na plastiki nene iliyokuja nayo kutoka kiwandani, imechapwa picha za vitufe na saa iliyosimama saa nne na dakika nane. Kuibandua lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, maana mali ya umma haivuliwi nguo. Na kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa saa rasmi, chai ya saa nne na nusu haikuwahi kunywewa.

Mama akagusa. Kimya. Akagusa tena.

"Kidole kigumu," alisema Mkurugenzi kutoka mlangoni. "Sindano zimekiharibu. Akipake mafuta, arudi baada ya mwaka."

"Mwaka, mheshimiwa? Mtoto si atakuwa anatembea?"

"Basi atakuja mwenyewe umwone. Unaona serikali inavyofikiria mbali?"

Msajili aliitazama plastiki. Pembe moja ilikuwa imeinuka kidogo. Kazi hii alikuwa ameitafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Akaishika ile pembe, akavuta. Ikalia kama suruali inayochanika katikati ya kikao.

"Binti," Mkurugenzi alisema taratibu, "umeivua nguo serikali."

"Gusa, mama."

Mama akagusa. Simu ikawaka, ikatetemeka. Msajili akagonga muhuri.

"Cheti ni halali," Mkurugenzi alikiri, kwani kanuni aliitunga mwenyewe. "Na wewe huna kazi."

Wanawake wawili wakashuka. Laini ikafunguliwa, lakini mtandao ulishika juu ya dirisha la korido tu. Wakapanda benchi. Msajili akakamata nondo za dirisha kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akainua simu ya mama juu kabisa. Picha ikaanza kushuka, polepole kama pazia.

"Naona nywele," mama alinong'ona.

Mkurugenzi akaja mbio, Simu ya Mfano mkononi. Kioo kilikuwa kimejaa ujumbe wa Waziri tangu siku ya uzinduzi. Wa kwanza ulisema: "Hongera. Jibu." Wa mwisho ulisema: "Napiga sasa. Usipopokea, cheo anapewa mwingine." Na simu ilikuwa inatetemeka.

"Binti, kazi nimekurudishia. Nakupandisha na cheo. Shusha mkono unipokelee hii."

"Nikishusha, picha inaanza upya. Nimemwahidi mama."

"Mama atasubiri."

"Ameshasubiri, mzee. Wewe telezesha kidole tu, usibonyeze."

"Hiki hakitelezi, binti. Hiki ni cha mfano."

Akabonyeza kama anayepiga kengele ya mlango wa watu waliohama. Juu ya benchi paji la uso likatokea, kisha macho mawili yaliyofumbwa, kisha mdomo uliokasirika. Simu ya Mfano ikatulia. Cheo kikaondoka, na kazi ya Msajili ikaondoka nacho.

Mama alimtazama mjukuu mpaka akatosheka. Ndipo alipogeuka, akakichungulia kile kidole maarufu kwa huruma.

"Kipake mafuta, mheshimiwa," alisema. "Urudi baada ya mwaka."