Presha ya Kilonzo na Uboho wa Wayua

Jumatatu, 1 Septemba
Ni mimi! Majibu yamekuja: uboho wangu unalingana na wa dadangu Wayua. Mifupa yake imegoma kutengeneza damu, sasa yangu itamtengenezea! Kaka yetu Musyimi, shemasi, alitangazia kanisa zima hapa Nunguni kwamba Mungu amemchagua yeye. Hakulingana hata kidogo. Aii! Nimecheza mpaka cherehani ikaanguka.

Shida ni moja. Presha. Nameza dawa miaka mingi. Madaktari wakijua watanikataa, na Wayua hana mwingine. Musyimi anatishia kuwaambia. Wivu huo!

Jumanne, 2 Septemba
Nimepata njia! Naacha dawa kabisa. Damu isipokuwa na dawa, nani atajua kuna ugonjwa? Akili ninayo jamani. Vidonge nimeficha kwa gunia la ndengu. Supu ya mifupa, bakuli mbili, niongeze uboho.

Jumamosi, 6 Septemba
Mke wangu Mumbua amekuta vidonge kwenye sufuria ya ndengu. Nimesema ni dawa ya wadudu. Amemwaga chakula chote. Nimelala njaa.

Jumatatu, 8 Septemba
Hospitali. Nesi Abshiro amenifunga mkono, mashine ikapiga kelele. Akapima tena. Akaita daktari. Nimesema ni furaha. Musyimi, aliyenisindikiza bila kualikwa, akamwaga siri yote.

Kumbe! Nesi anasema presha iliyotulizwa na dawa isingenizuia. Kilichonizuia ni kuacha dawa. Nimeze, nirudi baada ya wiki tatu. Na nisifiche kitu tena, hata jino likiuma, kwa sababu mwili wa Wayua hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa wowote.

Wayua amepiga simu. Hakunigombeza. Ameuliza tu kama wiki tatu ni nyingi. Nimelia kwa choo cha hospitali kama mtoto.

Jumatatu, 29 Septemba
Presha imeshuka! Nesi amepiga makofi! Alhamisi natolewa uboho! Musyimi anaambia watu ni maombi yake. Wacha aringe.

Nimempigia Wayua, tumepiga nduru pamoja. Nimemwahidi nimejifunza: kuanzia leo ukweli mtupu, sifichi kitu.

Shavu la kushoto limevimba tangu jana. Ni gego. Nimebandika karafuu, nimejifunga skafu mpaka masikioni. Wakiuliza Alhamisi, ni baridi ya Nunguni.