Waraka wa Watoto Watulivu

Umma ulitangaziwa rasmi, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba huduma za afya na tabia kwa watoto wadogo zimeboreshwa kiasi kwamba hakuna tena mtoto anayezihitaji. Mkurugenzi aliyeuandika aliusoma mara nne kabla ya kunywa chai, na kila mara aliona umezidi kunoga.

Mfumo wake ulikuwa mwepesi. Mtoto akifika kliniki, anaketishwa kwenye benchi dakika arobaini. Akilia, akirusha kiatu au akimng'ata karani, anarudishwa nyumbani hadi atakapotulia, maana mtaalamu hawezi kuhudumia watu wenye fujo. Akitulia, basi hana tatizo. Anapewa cheti cha uzima na kuagwa kwa heshima. Kwa miezi mitano hakupatikana mgonjwa hata mmoja. Mtaalamu wa tabia za watoto, dada aliyeisomea kazi hiyo miaka sita, alikuwa ameipanga na kuipangua midoli yake mpaka akachoka. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwandikia barua ya kumpongeza kwa kukosa kazi.

Siku ya Waziri kuja kukabidhi Ngao ya Sifuri Bora, sakafu ilipigwa deki mara mbili. Waziri, mama wa maneno machache, alipokea maua, akampa msaidizi wake ayashike, kisha akaomba jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba.

"Nataka kumwona mtaalamu wenu akimhudumia mtoto."

"Mheshimiwa, hayo ndiyo mafanikio yenyewe. Hakuna mtoto."

"Sasa huyo mtaalamu anafanya nini humo ndani?"

"Anadumisha sifuri, Mheshimiwa."

Waziri akatazama saa. "Nina nusu saa. Nitafutieni mtoto."

Mkurugenzi alitoka mbio za kiheshima, zile za kutembea haraka huku umeshika tai. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja mshona nguo na bintiye wa miaka minne. Hii ilikuwa safari yao ya sita. Nyumba yao iliungua, na tangu siku hiyo mtoto hajatamka neno, hata kumwita mama yake. Hachezi, halii, mikono mapajani. Kwa kigezo cha benchi hakuwa na mpinzani, na picha yake ilibandikwa ukutani kama Mtoto Mtulivu wa Mwezi.

"Mama, hongera. Zamu yenu imefika."

"Zamu ya nini, baba? Mwanangu si mzima?" Mshona nguo akafungua mkoba, akatoa vyeti vitano. "Hii sahihi si yako?"

"Ni yangu. Ila leo anaumwa kidogo."

"Kidogo?"

"Kama nusu saa hivi."

Mshona nguo alimtazama. Alishaomba pale, alishalia pale, na kuomba kulikuwa kumemtoka. "Mkishaondoka na magari yenu, kesho nitaambiwa tena katulia. Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba vyeti vyote vitano si kweli. Na kwamba mwanangu atamwona yule dada kila Jumanne mpaka atakapopona."

"Mama, tuelewane. Hilo linahitaji kikao cha wadau."

"Kawaite. Sisi tutakaa tu hapa, tumezoea."

Mkurugenzi akapiga hesabu. Bila mtoto, Waziri angekuta chumba kitupu. Akiwepo mtoto, sifuri imekwisha. Akaandika nyuma ya cheti, goti likiwa meza, akagonga muhuri aliokuwa akitembea nao mfukoni. Mshona nguo akasoma taratibu, akamrudishia.

"Hujaweka tarehe."

Akaweka.

Mtaalamu alipowaona mlangoni, Waziri akiwa nyuma yao, aliwakaribisha kwa mkono. Alikaa sakafuni kando ya nyumba ya midoli, akangoja. Mtoto alisimama kitambo kirefu, kisha akasogea, akamtoa mdoli mmoja ndani ya nyumba, akamweka mbali, ukutani. Akarudi kumchukua wa pili. Mama yake akageukia pembeni akalia, kwa furaha na kwa uchungu wa ile miezi mitano.

Waziri alitoka kwa kunyata hadi kwenye korido alikongoja Mkurugenzi, na karatasi aliyopewa na mshona nguo ilikuwa mkononi mwake.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Mheshimiwa, naomba kufafanua. Kwa mujibu wa mchakato..."

"Wangapi wamepewa vyeti hivi?"

"Mia nne na kumi na wawili," alijibu kwa fahari, kabla hajajizuia.

"Utawaandikia wote kama ulivyomwandikia huyu. Kwa mkono wako."

"Mheshimiwa, mimi ni Mkurugenzi!" Sauti ilipanda hadi darini. "Karani yupo!"

Mlango ukafunguka kidogo. Mtaalamu akachungulia. "Samahani, wakubwa. Shusheni sauti, nina mgonjwa."

Waziri akaomba radhi. Kisha akamkabidhi Mkurugenzi kalamu, na karani akamletea rimu nzima ya karatasi, bila haraka.

Aliandika: "Mzazi mpendwa, nilikosea." Akaisoma. Ilikuwa sentensi fupi mno kwa mtu wa cheo chake. Alikaa hadi saa za kazi zikaisha akitafuta neno la kitaalamu la kuweka badala ya kukosea, na katika nyaraka zote alizopata kuandika, hakuliona.