Utando wa Madam Restituta

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeshtuka. Kibati changu kimeliwa na maji. Ni kipande cha silikoni cha kutengenezea umeme wa jua. Kikikaa juani ndani ya beseni la maji ya ziwa yenye magadi, hupasua maji na kutoa viputo vya haidrojeni. Asubuhi viputo tele. Mchana kimechakaa kama kandambili. Maonyesho ya sayansi ni Ijumaa. Mshindi anakwenda Dodoma, na nimeshawaaga wakwe zangu kule Simbo.

Madam Restituta wa kemia, mpinzani wangu hapa shuleni Gungu, amesema kinahitaji utando mwembamba: uzuie maji, upitishe mwanga na umeme. Nimemshukuru. Nitapaka mnene.

Jumanne, 15 Julai
Nimepaka rangi ya kucha ya mke wangu Scola, mara nne. Maji hayakupenya. Umeme nao haukupenya. Scola ameulizia chupa yake. Nimeulizia chakula.

Jumatano, 16 Julai
Mawese. Yameelea yote. Mkuu wa Shule, Mzee Feliksi, amenusa beseni na kuuliza mchuzi unaiva saa ngapi. Kisha akasema nikishindwa Ijumaa nitanyang'anywa maabara, nikasimamie stoo ya majembe. Madam alikuwapo, akaniangalia kwa huruma. Sikuipenda.

Alhamisi, 17 Julai
Asubuhi nimeweka kibati kipya, kitupu, bila utando. Cha Madam kina siku tatu majini, kizima! Utando ameuoka kwenye tanuru. Ni mwembamba hata hauonekani. Jioni, walimu wametoka, nimebadilisha: chake kwangu, changu kwake.

Ijumaa, 18 Julai
Beseni la Madam limetoa viputo mpaka saa kumi. Langu nusu saa, kisha kimya. Kibati cheusi. Nilibaki nimeachama mbele ya majaji. Madam ameshinda, lakini ameduwaa kuliko mimi. Akanivuta pembeni.

"Mwalimu Dismasi, jana mchana nilikuwekea kibati changu kwenye beseni lako, nikachukua chako. Niliogopa watakupeleka stoo. Ulikigusa?"

Nikasema sikukigusa.

Jumamosi, 19 Julai
Madam amenitetea kwa Mzee Feliksi. Stoo nimeiepuka. Zaidi ya hayo, anataka nimsindikize Dodoma kama msaidizi, na Jumatatu atanifundisha kupaka utando. Nimekaa kibarazani kutwa nikijichunguza, na kosa langu nimeliona: nilibadilisha bila kukiwekea changu alama. Dodoma nitabeba changu chenye alama, ndipo nibadilishe.