Kioo Kilichodhani Tumepishana

Kijiji cha Kwedikomba,
Handeni.
18 Septemba 2014

Meneja,
Mradi wa Mipaka Dhahiri,
Korogwe.

Ndugu Meneja,

YAH: KIOO CHENU KUSHINDWA KUNITOFAUTISHA NA MZEE MEITAMEI

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ingawa kwa mujibu wa karatasi zenu mimi ni mfugaji, nina boma la ng'ombe na malisho, na sina hata jembe. Naomba uisome barua hii wewe mwenyewe. Usimpe yule dada wa mapokezi, kwa sababu nilipompigia aliniambia tatizo langu lipo kwenye mfumo. Nikamwuliza huyo mfumo anakaa wapi nimfuate, akakata simu.

Jina langu ni Zamda Mhina, hapa kijijini huitwa mama Salimu. Nalima mahindi na mbaazi kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Upande wa machweo napakana na Mzee Meitamei, mfugaji, mtu mzima kuliko mimi, ambaye namwamkia shikamoo kila tukionana, na akishaitikia tunagombana. Tunagombania ukanda wa ardhi ulio katikati yetu. Mimi nasema ni shamba, ndiyo maana nimeuzungushia miiba. Yeye anasema ni njia ya ng'ombe kwenda kwenye lambo la kijiji, lililo nyuma ya shamba langu.

Zamani mpaka ulipimwa na bwana ardhi mwenye kamba na pikipiki mbovu, na kama amekosea ulijua pa kumkuta. Siku hizi ni soko huria, kila kazi ya serikali ina kampuni yake na fulana zake. Ndipo tukaletewa ninyi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaalamu wenu, kijana Ernesti, alifika ofisi ya kijiji na meza ambayo juu yake ni kioo kitupu. Alipoiwasha tuliiona Kwedikomba yote kama anavyoiona mwewe. Mimi nilikuwa nimevaa kanga ya kutokea, nikidhani tutapigwa picha. Ernesti akabonyeza jina langu, akaniambia niweke kidole juu ya nyumba yangu. Akabonyeza jina la Mzee Meitamei, naye akaweka chake juu ya boma lake.

"Sasa kila mmoja aburute kidole mpaka anapoamini ardhi yake inaishia," akasema, "halafu arudi alikotoka. Kioo kitachora chenyewe, na kidole kinapoishia ndipo kwako."

Kutuambia mimi na Mzee Meitamei twende kwa pamoja hadi kila mmoja anapoamini ardhi yake inaishia ni jambo ambalo mtu yeyote aliyelala hapa kijijini hata usiku mmoja angelikataza. Tulikutana kwenye ukanda. Mimi sikusimama, naye hakusimama. Kidole chake kikapanda juu ya changu, nami nikakibana kwa ukucha. Tukasukumana juu ya kioo mbele ya wazee wa kijiji, mpaka Ernesti akasema inatosha, turudi. Nikarudi nyumbani kwangu, naye akarudi bomani kwake. Ernesti akahifadhi, akakunja meza, akapanda gari.

2. Vyeti vilipokuja, vikiwa na mhuri mzuri kabisa, changu kilisema nina boma na malisho. Cha Mzee Meitamei kilisema ana shamba la mahindi, nyumba ya bati na choo alichokichimba mume wangu kwa mikono yake. Tulimwita Ernesti. Alikuja, akaangalia, akajikuna shingo, akatueleza.

"Mama, kioo hakimwoni mtu. Ndani kina nyaya nyembamba sana, zinahisi tu mahali palipoguswa. Kila kidole kinapewa namba. Vidole viwili vikikaribiana mno, alama zake zinaungana, kioo kinaona kidole kimoja kinene. Vikiachana, kinakisia kipi ni kipi, kwa kuangalia kila kimoja kilikuwa kinaelekea wapi."

"Mimi nilikuwa naelekea kwake," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Na yeye alikuwa anaelekea kwako. Kwa hiyo kioo kikadhani mmepishana."

Ndugu Meneja, hapo naomba na wewe ujikune shingo. Kupishana, mimi na Mzee Meitamei. Mbuzi wa kijiji hiki wanajua kwamba sisi hatupishani. Tukikutana kwenye kijia, tunasimama hapo hadi atokee mtu wa tatu wa kutuamulia. Kioo chenu kimetoka ng'ambo, kikaona watu wawili wanaelekeana kwa hasira, na kwa akili zake zote kikaamua kwamba hawa ni waungwana, kila mmoja amempisha mwenzake na kuendelea na safari. Huko mnakokinunua hakuna majirani?

Nikamwambia Ernesti basi tubadilishane karatasi, yaishe. Akasema haiwezekani, mwenye kuomba marekebisho ya shamba ni mwenye shamba, na mwenye shamba ni Mzee Meitamei. Mimi ninaruhusiwa kulalamika kuhusu malisho tu. Basi hesabu kwamba nalalamika kuhusu malisho.

3. Kijiji kikaanza kufuata vyeti. Mwenyekiti wetu, Bwana Mdoe, ni mtu anayeamini karatasi kuliko macho yake. Bwana mifugo alipokuja kuchanja, aliita jina langu. Nikasimama katikati ya ng'ombe nisiowajua, na samadi hadi kwenye vifundo, huku Nasinkoi, mke wa Mzee Meitamei, akininong'oneza nyuma ya bega huyu anaitwaje na yule ana umri gani. Siku hiyo hiyo bwana shamba alikuwa kwangu akimfundisha Mzee Meitamei nafasi ya kupandia mahindi. Wanasema mzee alishika jembe kama mtu aliyekabidhiwa nyoka mfu. Wanaume walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa jembe langu.

Tulipomfikia ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe, Nasinkoi alimpapasa shingo kwanza. Nikamwuliza huyu jina lake nani, bwana mifugo anasubiri. Akasema, "Huyu ni mama wa yule ndama aliyenasa kwenye miiba yako akafa." Habari za ndama nilizijua, zilizungumzwa sana kiangazi kile. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa na mama, na kwamba mama yake akiitwa anageuza kichwa. Haya ni mambo ambayo mkulima hatakiwi kuyajua, na kama kioo chenu kingefanya kazi yake nisingeyajua.

4. Hili ndilo zito kuliko yote. Kesi yetu ilikuwa imeshapangwa kwenye baraza la ardhi la kijiji kabla hamjaja. Mlalamikaji wa njia ya ng'ombe alikuwa mfugaji, na mlalamikaji wa mahindi kuliwa alikuwa mkulima. Bwana Mdoe akaweka vyeti vyenu mezani, akavaa miwani, akasema, "Mfugaji ni mama Salimu. Simama utueleze kwa nini unataka njia."

Nilisimama ili nikatae. Wallahi nilisimama ili nikatae. Lakini watu walikuwa wameanza kutabasamu, nami sipendi kutabasamiwa, basi nikaona ngoja niwaonyeshe hata huo ufugaji naweza kuutetea kuliko wafugaji wenyewe. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimepigiwa kelele nayo ng'ambo ya ua wangu kila kiangazi. Nikasema lambo liko karibu, lakini ng'ombe wanazungushwa mpaka ng'ambo ya korongo, wanafika wamechoka, maziwa yanakauka, watoto wanakunywa uji mtupu. Nikasema wanaosukuma ng'ombe mzunguko huo jua kali ni wanawake. Kisha, sijui nani alinituma, nikamtaja yule ndama. Nikakaa.

Bwana Mdoe akamgeukia Mzee Meitamei. "Mkulima, una la kusema?"

Mzee aliinuka polepole, akatazama chini. Akasema, "Mtu analima peke yake. Mume amefariki, mwana yuko mjini. Anapalilia mgongo ukimwuma. Halafu anaamka asubuhi anakuta mabua tu. Mwaka ule ng'ombe walipoingia, moshi haukuonekana jikoni kwake siku nyingi. Nilikuwa naangalia kutoka bomani. Niliona."

Mimi nilidhani mwaka ule hakuna aliyeona.

Basi baraza likamwuliza mkulima kama anatoa njia. Akasema anatoa, lakini ipite ukingoni isikate shamba, iwekwe uzio pande zote mbili, na ng'ombe wasipitishwe bila mtu mzima. Ni masharti yangu yaleyale, Ndugu Meneja, niliyokuwa nikiyasema tangu mume wangu yuko hai, na yeye akijibu kwamba hasikii Kizigua. Baraza likamwuliza mfugaji kama anakubali. Nikasema ninakubali. Bwana Mdoe akagonga meza, na ugomvi wa miaka yote hiyo ukamalizwa na watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyewe.

5. Kwa hiyo mmenipotezea ugomvi wangu. Sikuulizwa, sikuarifiwa, sikusaini popote kwamba uchukuliwe. Nilikuwa nikiamka nao, najua leo nitamwambia nini na yeye atajibu nini. Sasa naamka nasikia kengele za ng'ombe zinapita ukingoni, Mzee anasema, "Umelalaje, mama Salimu," nami nabaki na shikamoo mdomoni, haina pa kwenda. Juzi Nasinkoi ameniletea maziwa kwenye kibuyu. Nitayakataa kwa sababu gani, na ng'ombe kwa mujibu wa cheti ni wangu?

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, kioo chenu kifundishwe kwamba watu wawili wakikutana si lazima wapishane, wengine hurudi walikotoka wakiwa na hasira zaidi. Pili, kisipojua nani ni nani kiulize, kama anavyouliza mtu yeyote mwenye adabu, badala ya kukisia na kupiga mhuri. Tatu, Ernesti arudi na meza yake, atuweke mmoja mmoja, mwenzake akiwa amekaa nje. Nne, nirudishiwe shamba langu, nyumba yangu, choo changu, na hali yangu ya awali kwa ujumla, nanyi mnajua nina maana gani.

Sitarajii kujibiwa na dada wa mapokezi, lakini msalimie, mwambie sikukasirika sana. Msalimie Ernesti, ni kijana mwenye heshima, kosa si lake peke yake. Wasalimie wote waliovaa fulana zenu, na wa nyumbani kwako pia. Huku mwenyekiti, bwana mifugo, bwana shamba na wazee wa baraza hawajambo, wanangoja majibu yenu kwa hamu kuliko mimi.

Ni mimi mwenye kudhulumiwa kwa kidole,

Zamda Mhina
(Mkulima, kinyume na kumbukumbu zenu)

N.B. Barua hii anaileta Nasinkoi, anashuka Korogwe leo. Kabla sijafunga bahasha aliomba nimsomee, nikamsomea yote. Hakuudhika. Aliuliza jambo moja tu: ardhi zikirudishwa kwa wenyewe, ile njia itakuwemo kwenye ramani mpya? Nimempigia Ernesti kumwuliza. Anasema haitakuwemo, kwa sababu ramani mpya itachorwa upya kabisa na maamuzi ya baraza yalifuata wamiliki wa vyeti vya zamani. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, kama mlikuwa wepesi wa kusahihisha makosa yenu, naomba safari hii muwe wazito. Alhamisi ijayo ng'ombe wanaogeshwa joshoni, na yule mwenye baka jeupe bila mimi haingii.